Uko Wapi, Nikuje?

Somo la wiki: Matendo 28:11–16. Soma pia Warumi 16:1–16 na 2 Yohana 12.

Wale waliokuwa ibada ya pili Jumapili walisikia nusu tu ya somo hili, kwa sababu saa zilinikimbia. Mama mmoja alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Pasta, umetuacha njiani." Ni kweli. Niliwaacha njiani pamoja na Paulo, kati ya Puteoli na Rumi. Leo tumalizie safari.

Lakini nianzie hapa kwetu Nakuru, mwaka wa 2020.

Mnaikumbuka Machi ile. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini tarehe 13, na kabla mwezi kuisha makanisa yalikuwa yamefungwa na kafyu imeanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja asubuhi. Mimi nilikuwa bado mgeni katika huduma. Mchungaji wetu mkuu akanipigia simu akanipa kazi moja: "Wewe ni kijana na umesomea biashara. Tafuta vile watu watabaki pamoja." Nikafungua kundi la WhatsApp la maombi ya alfajiri. Kila siku saa kumi na moja na nusu nilituma neno fupi, mtu mwingine akatuma maombi kwa sauti, na watu wakajibu Amina.

Sasa, mtu aliyesomea biashara huwa na ugonjwa mmoja. Anapenda kuhesabu. Tulianza watu 60. Mwisho wa Aprili tukawa 140. Mwezi wa Juni tulifika 214, na wengi wa hao hawakuwa wamewahi kukanyaga kanisani kwetu hata siku moja; waliongezwa na dada zao, mashemeji, watu wanaofanya kazi nao. Nikachora grafu. Sio utani, ilikuwa grafu yenye rangi. Nikaituma kwa wazee wa kanisa, nao wakanijibu kwa vile vimikono vya kupiga makofi. Chuoni tulifundishwa kwamba kumpata mteja mmoja mpya kuna gharama yake, na mimi nilijiona nimepata watu 154 kwa bei ya bando.

Wiki hiyo hiyo ya grafu, dada mmoja aliandika kwenye kundi. Namba yake haikuwa na jina kwa simu yangu, na mahali pa picha aliweka ua. Nilimjua kwa ile Amina yake tu, kwa maana karibu kila asubuhi alikuwa wa kwanza. Siku hiyo aliomba tumwombee yeye na watoto, ati mambo ni magumu. Hakusema zaidi. Nilirudi baadaye kuhesabu, maana ugonjwa ni ule ule: watu 63 walijibu. Amina. Mungu anaweza. Barikiwa. Mimi mwenyewe niliandika, "Tunasimama na wewe dada," nikaweka simu chini nikanywa chai.

Tulikuwa tunasimama na yeye wapi? Sikujua hata anaishi mtaa gani.

Mtu wa 64 alikuwa mama mmoja wa kanisa letu anayeuza mboga. Hana simu ya kisasa. Hutumia ya kijana wake jioni akirudi kazini. Hakuandika, alituma sauti, na nyuma yake ulisikia sufuria zikigongana na mtu akimuuliza nyanya ni za ngapi. Alisema maneno matatu: "Uko wapi, nikuje?"

Dada hakujibu kwenye kundi. Alimjibu kando. Kesho yake mchana yule mama alifunga kibanda mapema, akabeba pakiti mbili za unga, sukuma, na mafuta ya kupima, akapanda matatu ya Kaptembwo. Akauliza hapa, akauliza pale, mpaka akafika kwa ploti yenyewe. Alimkuta dada amekaa nje kwa ngazi. Mlango wake ulikuwa na kufuli isiyo yake. Mwenye nyumba alikuwa amefunga kwa sababu ya kodi ya miezi miwili, na vitu vyote vilikuwa ndani, hata blanketi za watoto. Ilikuwa siku ya nne. Usiku alikuwa akilala kwa jirani na watoto wake wawili, mkeka mmoja. Simu ndiyo kitu pekee alichotoka nacho, na alikuwa akiichaji kwa kinyozi.

Kwa hiyo zile Amina za wiki hiyo alikuwa anaziandika akiwa kwa mkeka wa jirani. Na mimi nilikuwa nimemhesabu. Alikuwa ndani ya grafu.

Sitaki mtu aseme mwenye nyumba alikuwa shetani. Tulizungumza naye baadaye; alikuwa na mkopo wa benki kwa hiyo nyumba, na wapangaji wake wengi walikuwa wamepoteza kazi mwezi mmoja. Shida ninayoileta leo si yake. Ni yangu. Kutoka kanisani mpaka Kaptembwo ni dakika ishirini kwa matatu. Serikali ilikataza mikutano; haikukataza mtu mmoja aliyevaa barakoa kwenda mchana kubisha mlango akiwa na unga. Nilipojiuliza kwa nini sikumuuliza anaishi wapi, nilipata jibu la aibu: nilijua nikishauliza, nitalazimika kwenda.

Sasa twende kwa Paulo.

Karibu mwaka wa 57, akiwa Korintho, Paulo aliandika barua kwa kanisa la Rumi. Hakuwa amewahi kufika Rumi. Kanisa hilo hakulianzisha yeye. Anasema waziwazi katika sura ya kwanza kwamba ametamani kwenda mara nyingi na akazuiwa. Lakini ukifika sura ya 16 unashangaa, kwa sababu mtu ambaye hajafika Rumi anasalimia zaidi ya watu 20 kwa majina. Aliwajulia wapi? Wengine tunaambiwa. Priska na Akila alikutana nao Korintho, walipofukuzwa Rumi pamoja na Wayahudi wengine wakati wa Kaisari Klaudio, na kilichowaunganisha kwanza ni kazi: wote walikuwa mafundi wa mahema (Matendo 18). Kwa mama yake Rufo anasema huyo amekuwa mama kwake pia. Hao ni watu aliokutana nao kwa barabara, kwa kazi na kwa jela, kisha wakahamia mji mkuu, kama vile leo nusu ya wale mliosoma nao wako Nairobi na unawaona kwa simu tu. Kwa hiyo Paulo alikuwa na mtandao. Anao hata kabla ya waya wa kwanza.

Sasa ona barua hiyo ilifikaje. Haikwenda yenyewe. Wengi wa wanaosoma Maandiko kwa makini wanakubaliana kwamba ilibebwa na Fibi, mtumishi wa kanisa la Kenkrea, bandari iliyo karibu na Korintho. Na katika mstari wa kwanza na wa pili wa sura hiyo ya 16, Paulo hasemi tu "nawasalimu". Anawaomba wampokee Fibi na kumsaidia kwa neno lolote atakalohitaji. Neno lolote! Yaani ujumbe ulifika mlangoni ukiwa na mgeni mwenye miguu yenye vumbi, anayehitaji maji, chakula na mahali pa kulala. Huwezi kusema Amina kwa Warumi sura ya 8 halafu umwache Fibi nje kwa ngazi. Mimi nimehubiri sura ya 8 mara nyingi na sijui kama nimewahi kumtaja Fibi kabla ya mwaka ule.

Miaka kama mitatu inapita. Paulo sasa anakuja Rumi kweli, lakini si vile alivyopanga. Anakuja akiwa mfungwa. Amepigwa na dhoruba siku kumi na nne, meli imevunjika, ameumwa na nyoka kisiwani Melita na akapona, amekaa huko miezi mitatu. Anashuka Puteoli, anakuta ndugu, wanamkaribisha siku saba. Kisha wanaanza barabara ya kwenda Rumi.

Hapa ndipo niliwaacha Jumapili.

Luka anaandika kwamba ndugu wa Rumi walisikia habari zao, wakatoka kuja kuwalaki, wengine mpaka Soko la Apio, wengine mpaka Mikahawa Mitatu. Tunasoma tukipita kama majina ya mbali tu. Simameni kidogo hapo. Soko la Apio lilikuwa karibu kilomita 65 kutoka Rumi. Mikahawa Mitatu, karibu kilomita 50. Toka hapa Nakuru, shika barabara ya Nairobi: kilomita 50 umeshapita Gilgil, kilomita 65 unaikaribia Naivasha. Bila matatu. Na Soko la Apio halikuwa mahali pa heshima. Lilikuwa kituo cha njiani, kimejaa watu wa mashua na wenye mikahawa; mshairi mmoja wa Kirumi, Horace, alipita hapo kabla ya Yesu kuzaliwa akalalamika hata juu ya maji yake. Fikiria Salgaa usiku, malori yamepanga foleni. Huko ndiko kanisa lilienda kumsubiri mtu ambaye wengi wao walikuwa hawajawahi kumwona uso. Walichokuwa nacho ni barua yake tu.

Kwa nini vituo viwili? Luka hasemi. Mimi hufikiria kwamba wenye nguvu walienda mbele, na wazee na akina mama wenye watoto wakasubiri Mikahawa Mitatu. Ni mawazo yangu, msiyaweke kwa mtihani. Lakini nayapenda kwa sababu kila mmoja alienda vile miguu yake ingeweza, na wote wakatajwa.

Kisha Luka anatuambia kilichotokea moyoni mwa Paulo alipowaona: alimshukuru Mungu, akapata moyo. Alipata moyo! Hebu kumbuka huyu ni nani. Bwana mwenyewe alikuwa amesimama karibu naye usiku akamwambia atashuhudia Rumi (Matendo 23:11). Katikati ya dhoruba malaika alimtokea akamwambia asiogope (27:23–24). Mtu ana neno kutoka kwa Bwana, ana malaika, ana muujiza wa nyoka, na bado anatembea kuelekea Rumi na moyo umeshuka. Kilichomwinua safari hii hakikuwa ndoto wala maono. Ni kuona watu wamesimama kando ya barabara, vumbi kwa miguu, wanamtafuta.

Sisi Wapentekoste tunahitaji kusikia hilo. Tunapenda maono, na ni vyema. Lakini kuna aina ya moyo ambao Mungu ameuweka mikononi mwa watu na haupatikani mpaka mtu atoke nyumbani.

Mzee Yohana alijua hivyo. Barua yake ya pili ni fupi kabisa, na mwishoni anasema ana mengi ya kuandika lakini hataki kuyaweka kwa karatasi na wino. Anatarajia kuja waongee uso kwa uso ili furaha yao itimie. Hakudharau karatasi na wino, maana hata hayo aliyaandika kwa karatasi na wino. Alijua tu kwamba karatasi ina kipimo chake. Simu pia ina kipimo chake. Sisemi tuitupe. Bila lile kundi, dada wa Kaptembwo tusingejua yuko duniani. Ni kundi lililomleta mpaka masikioni mwa mama mboga. Wale wanaosimama madhabahuni kukemea WhatsApp na Facebook kana kwamba ni pepo, mimi siko pamoja nao. Barua kwa Warumi ilitangulia, na bila barua hakuna mtu angejua aende Soko la Apio kumlaki nani.

Kuna mfano mwingine, na ni wa hapa hapa nyumbani, wengine wenu mlikuwepo. Mwaka wa 2012 habari za Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja zilienea mpaka ng'ambo. Chifu huyu alikuwa anatumia Twitter kuwafikia watu wa lokesheni yake, na hata wenye simu ndogo walipokea kama ujumbe mfupi. Alfajiri moja, saa kumi, alipigiwa simu kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akatuma ujumbe. Kwa dakika chache majirani walikuwa wamejaa nje ya ile nyumba, na wezi wakatoroka. Siku nyingine alitangaza kondoo aliyepotea, na kondoo akapatikana. (Mhubiri akipewa kondoo aliyepotea wa kweli, hapa hapa Nakuru, atanyamazaje? Soma Luka 15 ukifika nyumbani.) Lakini angalia kilichofukuza wezi. Ujumbe haukuwagusa. Ni watu walioacha blanketi saa kumi ya alfajiri, kwa baridi ya Lanet, wakatoka nje. Kama watu mia tatu wangejibu "Pole sana mwalimu, tunakuombea", nyumba ingebebwa na kochi.

Nimeanza kuwaambia hivi wenzangu wanaosimamia kurasa za kanisa: tusihesabu tu waliotuona. Kwa lugha yangu ya zamani ya darasani, huyo anayeangalia mubashara ni mtu aliyesimama nje ya duka akitazama ndani kwa dirisha. Bado hujamhudumia. Swali ni wangapi tumefika kwao, ama wamefika kwetu, tukakaa, tukanywa chai. Hiyo namba ni ndogo na haipendezi kwa grafu. Nilijaribu kuichora mwaka uliopita nikaona aibu kuionyesha.

Lazima niongee pia juu ya wale wasioweza kuja. Waebrania 10:25 mnaijua, tumeitumia kama fimbo vya kutosha. Kuna waliobaki na kanisa la kitandani kwa sababu ya uvivu tu, na hao wanajijua. Lakini kuna wagonjwa, kuna askari wa usiku anayetoka kazini wakati sisi tunaimba, na kuna dada zetu walioko Saudia na Qatar kwa kazi za nyumbani. Mmoja wao ni mtoto wa kanisa hili. Saudia hakuna jengo la kanisa atakaloingia. Husikiliza mahubiri usiku, sauti ikiwa chini kabisa, kazi zikiisha. Kumwambia huyo "njoo kanisani" ni kumtesa. Miezi kadhaa iliyopita aliandika kwenye kundi la akina mama kwamba mamake hapa Njoro hajisikii vizuri. Safari hii hatukungoja mtu wa 64. Akina mama wanne waliuliza njia, wakaenda Jumamosi. Walifua, wakachota maji, wakapika. Kisha wakampigia kwa video. Huyo dada, kilomita elfu kadhaa kutoka hapa, aliona dada zake wa kanisa wamejaa jikoni kwa mamake, mmoja amekalia ile stuli aliyoikalia yeye akiwa mdogo. Wanasema kwa dakika nzima hakuna aliyeongea. Kwa hiyo mjue: anayeandika na anayetembelewa si lazima wawe mtu mmoja. Kama huwezi kumfikia aliyeandika, uliza ni nani wake aliye karibu.

Sasa vijana, naomba msichukue somo hili mkalipeleka mahali silipolipeleka. Naona wengine mmeshaanza kutabasamu. "Uko wapi, nikuje" si maneno ya kumwandikia msichana saa tano ya usiku. Na wewe kijana wa kiume unayelia kwamba ulituma nauli ya kutoka Eldoret na mtu hakuja, hiyo nauli imeliwa, samehe na ujifunze. Kukutana na mtu mliyejuana kwa simu ni jambo jema na ni jambo la hatari, yote mawili. Januari 2024 wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine kwa sababu ya wanawake waliouawa. Kosa la mauaji ni la muuaji, na sitaki kusikia hapa kanisani mtu akiwalaumu walioenda makaburini. Lakini kama baba na kaka, nasema: mara ya kwanza kutaneni mchana, mahali penye watu. Mtu wa kwenu ajue uko wapi na unarudi saa ngapi. Mtu asiyetaka ujue watu wake, wala kazi yake, wala anakosali, wala marafiki zake, huyo hujakutana naye bado hata kama mmekaa meza moja. Na pesa zisitangulie uso.

Bwana Yesu alipowatuma wanafunzi aliwatuma wawili wawili. Basi tukienda kwa mtu tuliyemjua kwa kundi, twende wawili. Mama mboga alienda peke yake, ni kweli, lakini alimwachia kijana wake jina la ploti na akamwambia asipomwona kabla ya kafyu aje amtafute. Ana akili kuliko sisi wengi wenye vyeti.

Jambo lingine nililojifunza kwake. Dada alimjibu kando, si mbele ya watu 214. Ukitaka kumuuliza mtu shida yake, muulize kando. Mtu hawezi kuandika "nimefungiwa nyumba" mahali ambapo shemeji yake anasoma. Na ukienda, tafadhali, usipige picha. Nasema hivi kwa sababu tulipopeleka mchango wa pili, mmoja wetu alikuwa ameshatoa simu tusimame na unga mkononi. Mama mboga alimwangalia tu. Simu ikarudi mfukoni. Unga ukiingia kwenye stetasi ya kanisa, watoto wa huyo mama wataulizwa shuleni.

Mnataka kujua iliishaje. Wazee walichanga kodi ya mwezi mmoja, mwenye nyumba akakubali ile nyingine ilipwe pole pole, kufuli likatoka. Dada alipata kazi ya kufua, baadaye akaanza kusaidia kwenye kibanda cha mboga asubuhi za soko. Halafu Julai mwaka huo makanisa yakafunguliwa kwa masharti, mnakumbuka: watu wasiozidi 100, saa moja tu, na wasiingie walio chini ya miaka 13 wala walio zaidi ya 58. Mama mboga alikuwa amepita 60. Yeye aliyetutangulia wote alizuiwa mlangoni, na mimi ndiye nilikuwa na orodha ya majina. Nilimpigia kumweleza nikidhani atalia. Akacheka. Akasema Jumapili ana wageni.

Wageni walikuwa dada wa Kaptembwo na watoto wake wawili. Hao watoto pia hawakuruhusiwa kanisani, wote walikuwa chini ya miaka 13. Dada angeweza kuingia, alikuwa na umri, na nafasi ilikuwepo. Hakuja. Kila Jumapili walipanda matatu wakaenda kwa mama mboga, simu yenye picha ya ua ikasimamishwa kwa mkebe wa majani chai, wakaangalia ibada pamoja, wanne, kisha wakala. Mimi nilikuwa nahubiria kamera nikiona namba moja chini ya kioo, nikidhani ni mtu mmoja.

Kazi ya wiki hii. Jumatano kwenye seli, kila mtu aje na simu yake. Fungueni kundi la kanisa, mpitie namba zisizo na jina, zile zinazosema Amina tu. Kila mtu achukue moja. Mpigie kando, umwambie wewe ni nani, umuulize anaishi wapi. Mkubaliane siku, mwende wawili. Kama ni mtu wa mbali, muulize nani wake yuko karibu.

Kwa simu yangu zilikuwa kumi na moja. Jana nilipiga mbili. Ya kwanza haikushikwa. Ya pili alishika mzee mmoja, akanyamaza kidogo nilipojitambulisha, kisha akasema amekuwa akitusikiliza tangu mke wake afariki, miaka miwili sasa, na kwamba anaishi Free Area. Mimi na shemasi tunaenda Ijumaa saa tisa. Ameuliza kama tunatumia sukari.